Jinsi ya kujua kama sheria ya nchi yako inamlinda mke anayelazimishwa na mumewe kufanya tendo la ndoa

Ukiuliza hili swali mtaani unajibiwa mkato tu, mume hawezi kumbaka mkewe, basi stori imeisha. Jibu hilo ni uongo kwa nchi nyingi, na hata pale lilipo na ukweli bado kuna milango mingine, kwa hiyo usikubali kuambiwa na jirani wala askari wa kaunta, tafuta sheria yenyewe uisome.

Anza na kifungu kinachosema ubakaji ni nini. Adhabu iache kwanza, tafuta yale maneno machache kama "ambaye si mke wake", maana hapo ndipo mke anapoachwa nje. Mfano Tanzania, kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu kinamtaja mwanamke ambaye si mke wa huyo mwanaume, au mke waliyetengana naye na hakuridhia, yaani mke anayelala nyumba moja na mumewe hayumo kwenye ulinzi huo. Kenya maneno yako mwishoni kabisa, Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 kifungu cha 43 kinachoeleza ni lini tendo linakuwa kinyume cha sheria, kifungu kidogo cha (5) kinasema kifungu hicho hakiwahusu waliooana kisheria. India nao waliandika sheria mpya ya jinai iliyoanza Julai 2024 na ile kinga ya mume, yaani kutoshtakiwa kwa kumbaka mkewe, wakaiacha palepale, inaumiza sana kwa kweli.

Ukikuta sheria iko kimya kuhusu ndoa angalia na hukumu za mahakama. Uingereza miaka na miaka walishikilia maneno ya jaji Matthew Hale yaliyochapishwa 1736, kwamba mke akishaolewa ameshajitoa na hawezi kukataa tena, mpaka 1991 mahakama yao ya juu kwenye kesi ya R v R ikasema kinga hiyo haipo.

Nchi nyingine zimeandika waziwazi. Namibia tangu 2000 sheria inasema ndoa si utetezi, Afrika Kusini waliondoa kinga 1993. Ila soma na masharti bana, Zimbabwe ni kosa lakini mume hashtakiwi bila kibali cha mwendesha mashtaka mkuu, na Malaysia kinachoadhibiwa ni kumuumiza au kumtishia mke ili kulala naye, kifungo kisizidi miaka 5, jina la ubakaji hawalitumii.

Sasa kama nchi yako imemwacha mke nje, usifunge kitabu. Tafuta sheria ya ukatili wa majumbani, Kenya ile ya 2015 inataja ukatili wa kingono ndani ya ndoa na mtu anaweza kuomba amri ya ulinzi mahakamani. Kipigo na vitisho ni makosa yenyewe hata kama yamefanyika kitandani, na ukatili ni sababu ya kudai talaka, Tanzania iko kwenye Sheria ya Ndoa ya 1971.

Na kama jambo limeshatokea, hospitali kwanza, sheria itasomwa baadaye. Dawa za kuzuia HIV lazima zianzwe ndani ya saa 72 na kadiri unavyowahi ndivyo bora, ukiweza usioge kabla ya kupimwa, nguo ulizovaa zitie kwenye mfuko wa karatasi sio wa plastiki maana kwenye plastiki zinashika unyevu na ushahidi unaharibika.

Polisi usiseme "tuligombana", kwa sababu ukisema hivyo itaandikwa ugomvi wa kifamilia na mtarudishwa nyumbani mkayamalize. Sema kilichofanyika kimoja kimoja, alinikaba hapa, alishika kisu, nilimwambia hapana akaendelea. Kabla hujasaini omba usomewe maelezo yote, kama "alinikaba" imegeuka kuwa "alinishika" mwambie askari arekebishe kwanza, halafu ondoka na namba ya taarifa yako.