Somo: Kukaza servo inayopwaya kwenye ndege ya rimoti

Ndege ikikataa kunyooka hata baada ya kurekebisha trimu (vile vitufe vya rimoti vya marekebisho madogo), au mkia ukitetemeka ikishika kasi, wengi huanza kuishuku rimoti. Mimi naomba uanze na servo, yaani mota ndogo inayosogeza mapezi, vile vibao vya bawa na mkia vinavyoigeuza ndege. Ikipwaya kwenye kiti chake, sehemu ya amri unayotoa inaishia kuisogeza servo yenyewe badala ya kusogeza pezi. Kwenye kasi kubwa pezi linaweza kuanza kupigapiga lenyewe hadi bawaba ing'oke, na hapo ndege huipati nzima.

1. Tafuta kinachocheza. Toa propela kwanza, hili halina mjadala. Washa rimoti, kisha unganisha betri ili servo ishike katikati. Shika pezi kwa vidole viwili ulitikise polepole huku macho yako yakiwa kwenye servo. Bodi ya servo ikisogea, tatizo ni kiti au skrubu. Bodi ikitulia lakini mkono wake ukacheza, basi ni gia zilizochakaa, au skrubu ya katikati ya mkono imelegea. Vyote vikitulia na pezi bado linacheza, angalia tundu ambamo waya wa kusukuma, ule unaounganisha servo na pezi, umeingia. Mara nyingi limeshapanuka. Usiruke hatua hii, maana utakaza kiti kizima wakati ugonjwa uko kwenye tundu la waya.

2. Fungua. Chomoa betri, weka alama mahali waya ulipokaa, kisha toa skrubu. Kagua masikio ya servo, yale ya pembeni yanayopita skrubu. Sikio likiwa na ufa, nunua servo nyingine.

3. Tibu tundu la skrubu. Skrubu inayozunguka bila kukamata haiponi kwa kukazwa zaidi. Kwenye plaiwudi, ikiwa bado inakamata kidogo, itoe, dondoshea tone moja la supaglu nyepesi kama maji, acha ikauke kabisa, ndipo urudishe skrubu. Mbao hugeuka ngumu na nyuzi zake hushika vizuri. Tundu likiwa limepanuka sana, paka kijiti cha meno gundi ya mbao, kisukumie ndani, kikate usawa wa ubao na ukiache hadi kesho. Kisha toboa upya kwa kekee nyembamba kuliko skrubu.

Kiti chenyewe kikiwa kimeachia, kwangua gundi ya zamani yote. Tumia epoksi ya mirija miwili, ile ya dakika 30. Ya dakika 5 haikupi nafasi ya kupanga vizuri wala kupenya kwenye mbao. Ongeza vipande vya mbao vya pembetatu kwenye kona.

4. Rudisha. Servo za kawaida huja na vipira na vibomba vya shaba. Ukingo mpana wa kibomba ukae upande wa mbao. Kaza hadi kichwa cha skrubu kiguse kibomba, basi. Servo ndogo za gramu 9 kwa kawaida hazina vipira. Rudia jaribio la hatua ya kwanza kabla ya kufunga propela.

Maswali ya wanachama

*Fundi, ndege yangu ni ya foamu na servo ilibandikwa kwa gundi ya moto. Ikikaa juani inaachia. Nifanyeje?*

Gundi hiyo hulainika kwa joto, ndugu yangu. Pitisha spiriti pembeni, itabanduka bila kuchana foamu. Izungushie servo masking tepu, kisha ibandike kwa epoksi. Siku ikifa utaichomoa kwa kuchana tepu tu. Jihadhari na supaglu ya kawaida: foamu nyeupe ya chembechembe, ile ya kufungashia runinga, huliwa nayo.

*Naweza kubandika servo moja kwa moja kwa supaglu nyepesi?*

Hapana. Hupenya kwenye mshono wa bodi na kugandisha gia.

*Ya kwangu ina injini ya mafuta, na mbao za ndani zimelowa. Epoksi haishiki kabisa.*

Mafuta ya injini hizo mara nyingi yana methanoli na oili. Methanoli hugeuka mvuke ikaenda zake, oili hubaki kwenye mbao. Futa kwa spiriti, nyunyiza unga wa mahindi au poda ya mtoto, acha unyonye, pangusa, rudia hadi unga utoke mkavu. Sehemu ikibaki nyeusi na laini, ikate uweke plaiwudi mpya. Baada ya kubandika, paka epoksi nyembamba juu ya mbao zote za pale ili oili isiingie tena.