Namna ya Kukagua Nyumba Pamoja na Mlezi ili Kuzuia Ajali

Mhudumu wa afya ya jamii anayewahimiza watu wawe waangalifu kisha akaaga hajawafundisha kitu, kwa kuwa hakuna mzazi anayekusudia kuzembea. Kinachosaidia ni kuhamisha vitu vyenye hatari. Baada ya kuomba ruhusa, pita vyumbani pamoja na mlezi, na kabla ya kutoa ushauri wowote, chuchumaa ili uone kile ambacho mtoto wa miaka miwili anakiona na kukifikia.

Anza na jiko, wala usiharakishe. Mpini wa kikaango ugeuzwe kuelekea ukutani, na maji ya moto yasiachwe sakafuni hata kidogo, kwani yakiwa na nyuzi joto 60 huunguza ngozi kwa kina ndani ya sekunde chache. Mafuta ya kupikia yakishika moto hayamwagiwi maji. Chombo hufunikwa na jiko huzimwa. Aliyeungua amwagiwe maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, bila kupakwa barafu, siagi wala dawa ya meno. Suala la dawa ya meno huzua ubishi, kwa hiyo litengee muda wa kutosha.

Kisha ulizia mafuta ya taa, dawa za wadudu na sabuni kali. Hatari kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kuzihifadhi katika chupa za soda, kwa sababu mtoto mwenye kiu huitambua chupa, hasomi maandishi. Zibaki katika vyombo vyake vya asili, ndani ya kabati la juu lililofungwa. Aliyekunywa mafuta ya taa asitapishwe, maana yanapopanda kooni huweza kuingia mapafuni. Apelekwe kituo cha afya pamoja na chombo chenyewe. Betri ndogo ya duara ikimezwa inahitaji haraka zaidi, kwani ikikwama kwenye umio (njia ya chakula) inaweza kuuchoma vibaya ndani ya saa mbili.

Ndoo zimwagwe au zifunikwe, kwa kuwa mtoto mchanga huzama hata katika sentimita chache za maji. Jiko la mkaa lisilazwe chumbani, kwani hewa yake ya sumu, kaboni monoksidi, haina harufu.

Kabla hujaaga, mwombe mlezi achague badiliko moja mlifanye pamoja papo hapo. Mengine yaandikwe kwa ajili ya ziara ijayo, ambapo utaomba kuonyeshwa badala ya kuuliza tu.