Saa ya Bibi Iliyofungwa Kwenye Leso: Kuitambua na Kuikadiria

Shangazi yangu alikuwa na saa ya mnyororo ya Uswisi, ndogo, inafunikwa na kiganja cha mtoto. Mgongo wake ulikuwa wa buluu, na ukiuinamisha kwenye mwanga unaona miale iliyochongwa kwenye dhahabu chini ya ile rangi, kama jua linalochomoza ndani ya maji. Mwaka aliougua akamtuma kijana wa nyumbani nayo kwa mnunuzi wa dhahabu. Enameli, ile rangi ya kioo iliyochomwa juu ya dhahabu, ikabanduliwa, dhahabu ikapimwa, ikayeyushwa. Mashine ikarudishwa imefungwa ndani ya kikaratasi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimeanza kukaa na baba kwenye meza yake ya ufundi saa hapa Kibokoni, Mombasa. Baba alipokifungua kile kikaratasi hakusema neno mpaka magharibi. Kazi ile ya enameli ilikuwa na thamani kupita gramu zote walizolipia.

Ndiyo sababu mtu akinijia na saa ya bibi yake namwomba kitu kimoja kabla ya chochote: tusitaje bei kabla hatujaifungua. Nje inasema kidogo sana, na mara nyingi inasema uongo.

Kwanza tujue kama ni ya kike. Saa za mfukoni za wanaume huwa na kasha la milimita 45 hadi 55 hivi. Za wanawake huanzia kama milimita 25 na hazivuki sana 40. Zilivaliwa shingoni kwa mnyororo mrefu au zikabanwa kifuani kwa pini, basi wachongaji walijaza mgongo maua, ndege na majani, na mara nyingi wakaacha kingao kitupu katikati kwa ajili ya herufi za jina. Marekani walikuwa na vipimo vyao: mashine ya saizi 0, iliyo ya kike, ni kama milimita 30, na saizi 16 ya kiume ni kama 43. Pima mashine, usipime kasha. Kasha nene hudanganya.

Kufungua, tandika taulo jeupe mezani, ili kikidondoka kitu ukione. Kama saa ina kifuniko juu ya kioo, bonyeza kichwa chake, kile kifundo cha juu, kifuniko kiruke. Unapokifunga, bonyeza kichwa tena, shusha kifuniko taratibu, kisha achia. Wale wanaokifunga kwa kukipiga “pwa!” wanakula kijino kinachokishikilia, na kikishalika kifuniko hakikai tena. Mgongo una kijino kidogo ukingoni. Utafute kwa ukucha na uinue kwa kisu butu. Ukikosa kijino na bawaba huioni, huenda mgongo ni wa kuzungusha: bana saa kiganjani uzungushe kinyume cha akrabu. Saa nyingi za Uswisi zina kifuniko cha pili ndani. Kile ndicho daftari la saa, kisome chote.

Hapo utakuta Kifaransa. “Remontoir” maana yake saa inajazwa kwa kichwa chake, si kwa ufunguo wa kando. “Rubis” ni vito vinavyobeba ekseli za magurudumu. “Cylindre” na “Ancre” ni aina mbili za mashine, na tofauti yake ni kubwa kwenye bei. Ya silinda ni ya kale zaidi katika ubunifu, haishiki wakati vizuri, na ilitengenezwa kwa wingi mno kwa ajili ya saa za kike. “Cylindre 10 rubis” nimeiona mara nyingi kuliko maandishi mengine yoyote. Ya anka ina uma mdogo unaocheza kati ya gurudumu la meno na gurudumu la mizani, lile linalokwenda na kurudi, na mlio wake ni mkavu na wa nguvu. Ukiona vito 15 na anka kwenye saa ndogo ya kike, kaa vizuri kitini, hapo mtu aligharimika.

Ufunguo usikupoteze. Adrien Philippe, aliyekuja kuwa mshirika wa Patek, mtengeneza saa wa Geneva, alipata hataza ya saa ya kujazwa kwa kichwa huko Ufaransa mwaka 1845, lakini saa za bei ya chini ziliendelea na ufunguo kwa miongo mingi baadaye. Kwa hiyo tundu la ufunguo peke yake halikupi mwaka. Ya bibi yangu mzaa mama ilikuwa na matundu mawili, moja la kujazia na moja la kupelekea akrabu. Kila siku adhana ya magharibi ikilia alizipeleka akrabu zote kwenye XII, maana kwake siku ilianza pale. Mraba wa ndani ya tundu la kupelekea akrabu umelika mpaka umekaribia kuwa duara, na ule wa kujazia bado una kona zake. Nikiishika namwona mkono wake.

Nambari ya kutafutia mwaka ni ile iliyochongwa kwenye mashine. Ya kwenye kasha ni ya mtengeneza kasha. Kwa saa za Elgin na Waltham za Marekani, nambari ya mashine inatosha, majedwali yake yamejaa intaneti na ni bure. Za Uswisi mara nyingi hazina jedwali, labda ziwe za kampuni kubwa: Longines na Patek Philippe wametunza daftari zao za zamani na unaweza kuwaandikia. Jina kubwa lichunguze mara mbili. Ziko saa za karne ya kumi na tisa zilizoandikwa “Pateck”, kwa herufi ya ziada, na hizo zilikuwa bandia tangu siku zilipotoka dukani. Ukikuta West End Watch Co. pamoja na jina la Bombay, hiyo ilipita mikononi mwa wafanyabiashara wa India, na kwa mji wetu njia hiyo si ya ajabu hata kidogo.

Alama za kasha

Hapa nawaomba msome polepole, kwani ndipo watu wanapoibiwa na ndipo wanapojiibia wenyewe.

Uswisi walitunga sheria ya alama mwaka 1880. Kwenye dhahabu ya karati 18 utaona kichwa cha mwanamke, Helvetia, anayewakilisha Uswisi. Kwenye karati 14 ni kindi. Fedha ya 0.875, yaani sehemu 875 safi kati ya 1000, ina dubu aliyesimama, na ya 0.800 ina ndege mnene anayefanana na kwale. Fedha ya 0.935 ina dubu watatu, mmoja mkubwa na wawili wadogo, na walianza kuipiga alama hiyo kwa ajili ya soko la Uingereza. Alama hizi ni ndogo kama punje ya ufuta, bila lenzi ya fundi huzioni.

Uingereza wana simba anayetembea kwa fedha ya 0.925, kisha alama ya mji: kichwa cha chui ni London, nanga ni Birmingham, miganda mitatu ya ngano na upanga ni Chester. Pembeni kuna herufi ya mwaka. Mzee mmoja aliniapia kwamba saa ya mkewe ilitoka kwa nahodha kwa sababu ina nanga. Nikamwonyesha kwamba nanga ile ni ya mji usio na bahari. Tangu tarehe 1 Juni 1907 makasha ya saa za kutoka nje nayo yalitakiwa kupimwa na kupigwa alama Uingereza, kwa hiyo saa ya Uswisi inaweza kuwa na alama za Kiingereza bila kasoro yoyote.

Sasa ile mitego. Kijana wa Majengo aliniletea saa ya Elgin ya bibi yake imefungwa kwenye pembe ya leso, fundo lenyewe la miaka mingi.

“Shangazi, ni dhahabu. Imeandikwa 14K.”

“Soma na maneno yaliyobaki, mwanangu.”

Maneno yaliyobaki yalikuwa “Warranted” na “25 Years”. Yakikaa pamoja hivyo, kasha si dhahabu tupu. Ni bamba la shaba lililobanwa katikati ya karatasi mbili nyembamba za dhahabu, na miaka 10, 20 au 25 ni muda ambao kiwanda kiliahidi dhahabu haitalika. Tazama penye kusuguana: pete ya juu, bawaba, ukingo, mgongo unaogusa nguo. Ya kijana yule ilionyesha shaba kwenye pete na kwenye mbavu za ndege aliyechongwa mgongoni. Sumaku haisaidii hapa, shaba nayo haivutwi. Sonara mwaminifu mwenye jiwe la kujaribia na asidi atakusaidia, ila mwombe ajaribu ukingo wa ndani, si mgongoni penye nakshi.

Kama kweli ni dhahabu, usipime saa nzima ukazidisha. Niliwahi kupima moja ya karati 18, gramu 28 ikiwa kamili. Mwenyewe alishazidisha 28 kwa 0.750, akapata gramu 21 za dhahabu safi, na akaziahidi harusi. Tukatoa mashine, kioo, na kile kifuniko cha ndani kilichoandikwa “Cuvette métal”, yaani kifuniko hiki ni cha madini ya kawaida, si dhahabu. Kilichobaki kilikuwa gramu 12, ambazo ni gramu 9 safi. Kwa karati 14 zidisha kwa 0.585, kwa karati 9 zidisha kwa 0.375. Sonara atatoa chini ya bei ya siku, kwa sababu naye ana kazi ya kusafisha. Hesabu hiyo ndiyo sakafu ya bei. Saa nzuri haiuzwi sakafuni.

Hali yake

Itikise kidogo kwa ubapa. Gurudumu la mizani likicheza huru, ekseli yake huenda ni nzima. Ukiambiwa “imekazwa sana ndiyo maana imekufa”, mara nyingi ni mafuta yaliyoganda au kutu, na hewa yetu ya chumvi haina huruma kwa chuma. Uso wa enameli uelekeze pembeni kwenye mwanga utafute nyufa za unywele. Ufa mmoja hupunguza bei kidogo, kipande kilichobanduka hupunguza sana. Tafadhali usiisugue kwa ukwaju na majivu kama sinia la shaba. Weusi wa fedha si ugonjwa, na nakshi iliyofutika hairudi.

Bei

Tafuta saa ya namna ile ile iliyokwisha kuuzwa mnadani, si ile inayoombewa bei. Kwenye eBay unaweza kuchuja zilizouzwa tu. Linganisha mashine, kasha na hali, vyote vitatu. Elgin ndogo ya kasha lililobanwa dhahabu, kama ya yule kijana, ziko nyingi duniani na bei yake ni ya chini. Nilimwambia hivyo waziwazi, akaifunga tena kwenye leso. Fedha ya silinda ni ya chini vilevile. Zinazopanda ni dhahabu yenye enameli nzima, almasi ndogo, picha iliyochorwa kwa mkono, mashine ya jina, sanduku na ufunguo wake wa asili.

Mnunuzi akiwa ng'ambo, pita kwanza ofisi za Makumbusho ya Taifa pale Ngome ya Yesu. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inakihesabu kitu kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895 kuwa ni cha kale, na hakitoki nchini bila kibali.

Ukimaliza, andika kadi uiweke pamoja na saa: nambari ya mashine, alama za kasha, gramu za kasha tupu, na jina la aliyeivaa. Ile mashine ya shangazi bado ninayo kwenye mtoto wa meza, kwenye kikaratasi kile kile. Ni anka, vito 15. Inatembea.