Somo: Piga mwenyewe hesabu ya safari, Dodoma hadi Guangzhou

Wanaofuata mzigo China wakiona tiketi inasema ndege inaondoka saa nne usiku na kufika kesho yake saa saba mchana, wanahesabu saa 15 na kuanza kuchoka kabla ya safari. Si kweli kwamba utakaa angani muda wote huo. Chukua kalamu na kalkuleta.

Hatua ya 1: Kata safari vipande. Dodoma hadi Dar es Salaam, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilomita 390. Kwa barabara ni karibu 450. Kipande hiki kihesabu peke yake.

Hatua ya 2: Tafuta umbali wa kipande kirefu. Rula kwenye ramani ya ukutani itakudanganya, maana dunia ni mviringo. Kama kuna tufe shuleni kwa mwanao, vuta uzi kutoka Dar hadi Guangzhou: utakatiza Bahari ya Hindi na kupita juu ya sehemu ya kusini ya India. Hiyo ndiyo njia fupi.

Ukitaka namba, Dar iko latitudo −6.88 (kusini mwa ikweta, ndiyo maana ya alama ya kutoa) na longitudo 39.20. Guangzhou ni 23.39 na 113.30. Tofauti ya longitudo ni 74.1. Kisha tafuta D, yaani pembe kati ya miji hii miwili ukiipima kutoka katikati ya dunia:

cos D = sin(−6.88) × sin(23.39) + cos(−6.88) × cos(23.39) × cos(74.1)

Jibu ni 0.202; bonyeza cos⁻¹ kwenye kalkuleta, unapata D ni nyuzi (digrii) 78.3. Kila digrii moja juu ya uso wa dunia ni kilomita 111.2, kwa hiyo umbali ni takriban kilomita 8,700. Sin na cos zipo sekondari, ila wengi tulizikariri kwa ajili ya mtihani tu.

Hatua ya 3: Gawa kwa mwendo. Ndege kama Boeing 787 ikishatulia juu hukimbia karibu kilomita 900 kwa saa. Unapata saa 9 na dakika 40. Ongeza nusu saa ya kupaa na kushuka.

Hatua ya 4: Saa za nchi. China iko mbele yetu kwa saa 5. Ukiondoka 22:00, ongeza saa 10 na dakika 10, kisha 5: unafika 13:10 za kwao.

Na tarehe, jamani! Tiketi ya 01:00 tarehe 12 ni saa saba ya usiku wa tarehe 11 kuamkia 12. Ukienda uwanjani jioni ya tarehe 12, ndege ilishaondoka.

MASWALI

Mdau wa Majengo: Nikipitia Dubai je?
Jibu: Fanya hatua zote mara mbili, Dar–Dubai (kama kilomita 4,000) na Dubai–Guangzhou, halafu jumlisha muda wa kusubiri. Mara nyingi huo ndio unaokula siku.

Mdau wa Kondoa: Mbona kurudi huchelewa zaidi?
Jibu: Juu kule upepo mkali mara nyingi huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ukienda unakusukuma, ukirudi unakukabili.

Dada wa Nkuhungu: Niondoke Dodoma saa ngapi kwa ndege ya 22:00?
Jibu: Uwe uwanjani saa moja jioni. Kwa SGR safari ni kama saa tatu na nusu, na kutoka stesheni hadi uwanjani kuna foleni. Dada yangu, panda treni ya asubuhi.