Kabla hujaanza kufunga au kuhesabu kalori, weka haya sawa kwanza

Wanaotaka kupunguza mwili wengi wanakwama kwenye swali moja, nifunge kwa masaa au nipunguze tu chakula kila siku, na watu wanabishana weee mpaka mwezi unaisha hakuna aliyeanza. Jamani, kwa upande wa kilo hizi njia mbili zinakaribiana sana. Mwaka 2017 kule Chicago walitoa majibu ya utafiti wa watu wazima 100 wanene, kundi moja siku moja linakula robo tu ya mahitaji yake na kesho yake linakula kuzidi kawaida kidogo, kundi jingine linapunguza robo ya chakula kila siku, na la tatu halikubadili kitu. Baada ya mwaka, ukilinganisha na wale wa tatu, waliofunga walipungua asilimia 6.0 ya uzito na waliopunguza kila siku asilimia 5.3. Kuna utafiti mwingine wa Marekani uliotoka 2025, hapo walikuwa wanafunga siku tatu kwa wiki, wao wakafika 7.6 na wenzao wa kila siku 5, kwahiyo tofauti inaweza kuwepo ila sio ya kukufanya udharau njia nyingine. Kinachotofautiana kweli ni wewe, yaani dawa unazomeza, kazi yako, na unavyokuwa ukishikwa na njaa, na hivyo vyote vinaangaliwa kabla ya siku ya kwanza.

Naanza na dawa na nitakaa hapo muda kidogo manake hapo ndo watu wanaumia. Kama una kisukari na unachoma insulini, au unameza glibenclamide, gliclazide au glimepiride, usifunge hata siku moja bila daktari kukupangia dozi upya. Hizo dawa zinashusha sukari iwe umekula au hujala, sasa ukikaa masaa 16 tumbo tupu na dozi ni ileile, sukari inaporomoka chini ya 3.9 kwa kipimo cha mmol/L (kwa mashine zinazosoma mg/dL ni 70), unaanza kutetemeka, jasho jembamba, moyo unaenda mbio, unachanganyikiwa, na ikizidi unaweza kuzimia ukiwa unaendesha gari. Metformin peke yake haina hatari hiyo kwa kiwango hicho ila inashauriwa imezwe na chakula, kwahiyo lazima ujue inaangukia saa ngapi kwenye ratiba mpya. Dawa za sukari ambazo jina linaishia na gliflozin zina shida yake tofauti, ukikaa na njaa muda mrefu damu inaweza kujaa asidi hata kama sukari kwenye mashine inaonekana ya kawaida, kwahiyo nazo zitaje kwa daktari. Halafu presha, uzito ukishuka presha nayo inashuka, na kama unameza dawa za kukojoza maji na huku hunywi maji ya kutosha utasimama ghafla uone giza. Na wale wa kumeza diclofenac au ibuprofen kila mara, hizo tumbo tupu zinachubua tumbo.

Kuna watu hawatakiwi kufunga kabisa kwa ajili ya kupungua: mjamzito, anayenyonyesha, aliye chini ya miaka 18, mwenye uzito ulio chini tayari, na mtu aliyewahi kupitia hali ya kujinyima chakula au kula kupitiliza halafu kujitapisha. Huyu wa mwisho naomba anisikie vizuri, masaa ya kufunga yanaweza kuamsha tatizo ambalo lilishatulia, na kuhesabu kalori kila tonge nako vilevile, kwahiyo azungumze na mtaalamu kwanza. Mwenye figo mbovu, mwenye kisukari cha aina ya kwanza na mzee aliyedhoofu wasijipangie wenyewe.

Ukishavuka hapo, pima. Uzito asubuhi baada ya kutoka chooni, kiuno kwa futi ya fundi, presha, sukari, na ukiweza na mafuta kwenye damu. Andika na tarehe. Bila hivyo wiki ya kwanza utaona kilo mbili zimetoka ushangilie, kumbe mwili umetumia sukari uliyokuwa umeihifadhi kwenye misuli na ini na sukari hiyo inakaa na maji mengi, kwahiyo kilichotoka kwa sehemu kubwa ni maji, na ukirudi kula kawaida yanarudi ndani ya siku mbili tu unaanza kulia kwamba njia haifanyi kazi.

Sasa kama umechagua kufunga. Watu wanaamini ukishaweka dirisha la masaa 8, yaani muda unaoruhusiwa kula kwa siku, mengine yanajipanga yenyewe, na sio kweli. Mwaka 2020 watu 116 walifuatiliwa wiki 12, kundi moja likala kuanzia saa sita mchana mpaka saa mbili usiku bila kuambiwa wale kiasi gani, wakapungua wastani wa kilo 0.94 tu, wenzao waliokula milo mitatu ya kawaida kilo 0.68, na kwa wale waliopimwa mwili kwa mashine sehemu kubwa ya kilichotoka haikuwa hata mafuta. Kwahiyo kabla hujaanza jua utakula nini ndani ya hilo dirisha, na lichague kulingana na kazi yako, anayefanya shifti ya usiku hawezi kufuata masaa ya mtu wa ofisini. Wiki mbili za mwanzo tegemea kichwa kuuma na hasira za karibu, hasa kama ulizoea kahawa yenye sukari, maji kunywa muda wote. Usianze wiki yenye safari au mitihani.

Na kama umechagua kupunguza kila siku, tafuta mizani ya jikoni, macho yanadanganya sana. Mwaka 1992 walipimwa watu waliokuwa wanalalamika kwamba wanakula kidogo na hawapungui, ikaonekana wanachokula kweli ni karibu mara mbili ya wanachoripoti, na hawakuwa waongo, ndivyo binadamu tunavyokadiria. Mafuta ndo yanawaangusha wengi, gramu moja ina kalori 9 wakati wanga na protini ni 4, kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia ni kama kalori 120 na hukioni kwenye sahani. Kupunguza kama kalori 500 kwa siku kunatosha kuanzia, na ukitaka kula chini ya kalori 800 kwa siku hiyo ni kazi ya kusimamiwa hospitali.

Protini ni kwa wote wawili. Kama figo ziko salama lenga gramu 1.2 kwa kila kilo, mtu wa kilo 80 ni kama 96 kwa siku, na mtu wa dirisha la masaa 8 anatakiwa aigawe mapema manake milo miwili haitoshi ukizubaa. Ongeza mazoezi ya kunyanyua vitu vizito hata mara mbili kwa wiki ili misuli isiondoke na mafuta. Na usishindane, ukitoa zaidi ya kilo moja na nusu kwa wiki, wiki baada ya wiki, hatari ya mawe kwenye kifuko cha nyongo inapanda.

Lengo la kwanza liwe asilimia 5, mtu wa kilo 90 ni kilo 4 na nusu, hapo tu presha na sukari zinaanza kusogea. Weka tarehe ya wiki ya 12 ya kurudia vipimo vilevile, na waambie unaokula nao kabla hujaanza, wajue kwamba siku wakikuona unatetemeka na unaongea usichokijua wakupe kitu chenye sukari hapohapo, masaa yawe yametimia au hayajatimia.