Shakuhachi kongwe yenye nakshi: kuikagua na kuitunza Nairobi

Kabla ya kulipa chochote, tazama mdomo. Shakuhachi, filimbi ya Kijapani ya mwanzi, hupulizwa ukingoni, na ukingo huo, utaguchi, mara nyingi umepachikwa kipande kigumu ili usilike. Kikiwa cheusi, kwa kawaida ni pembe ya nyati-maji. Cheupe ndicho cha kuogopa. Kiweke chini ya lenzi: vitone na mifereji midogo ya giza ni dalili ya mfupa, mistari myembamba inayokatana kama wavu ni pembe ya ndovu. Mistari hiyo huonekana pale tu pembe ilipokatwa kwa mapana, kwa hiyo kutoiona si hakikisho. Kwa Sheria ya Wanyamapori ya 2013, kuwa na pembe ya ndovu bila kibali ni kosa; usitegemee umri wa filimbi ukutetee katika nchi iliyoteketeza tani 105 za pembe mwezi Aprili 2016. Ukiwa na shaka, iache hukohuko iliko.

Sasa amua kama ni ala au pambo. Shakuhachi ya kawaida ina urefu wa sentimita 54.5 hivi na matundu matano, manne mbele na moja nyuma la kidole gumba. Zile za karne ya nane zilizohifadhiwa Shosoin, hazina ya kale mjini Nara, Japani, zina matundu sita, na mojawapo imechongwa wanawake, maua na ndege. Hizo haziuzwi, hivyo anayekuletea ya aina hiyo msalimie tu uende zako. Chungulia ndani: mafundo yote ya mwanzi yawe yametobolewa. Ziba matundu yote upulize taratibu. Filimbi ya urefu huo hutoa noti ya D, ambayo programu yoyote ya kupima sauti kwenye simu itakuonyesha. Ala ya zamani ikikosea kidogo si tatizo. Isipotoa kabisa sauti hiyo ya chini, na unajua kupuliza, basi hewa inavuja mahali.

Nakshi nayo ina ushahidi wake. Kisu cha mkono huacha mikato ya kina tofauti. Mchoro wa kahawia wenye kina kilekile kila mahali umechomwa kwa mashine. Tafuta pia mhuri wa fundi, uliochomwa upande wa nyuma. Nakshi ikiukwepa mhuri, huenda vilifanywa pamoja. Ikiukata, mchongaji alikuja baadaye, na pengine alimega ukuta ambao fundi wa kwanza hakukusudia umegwe.

Hapo ndipo nyufa huanzia. Nyuzi ngumu za mwanzi zimesongamana karibu na ganda. Nakshi huondoa ganda kwa mabaka, unyevu ukatoka hapo upesi kuliko pembeni, mwanzi ukajivuta bila ulinganifu na kupasuka kufuata nyuzi. Filimbi iliyosilibwa ndani kwa ji, yaani unga wa udongo uliochanganywa na utomvu wa mti wa urushi, iko hatarini zaidi, kwa sababu ji haisinyai pamoja na mwanzi. Zima taa, ingiza tochi nyembamba ndani, kisha zungusha filimbi polepole. Ufa wenye uchafu mweusi ni wa zamani. Wenye rangi ya majani makavu ni mpya na bado unatembea. Upige picha kando ya rula, urudie baada ya mwezi.

Nairobi, msimu wa kuhofia ni Januari na Februari, mchana unapokauka. Weka filimbi kwenye kasha la plastiki lenye kifuniko, pamoja na sifongo iliyokamuliwa vizuri ndani ya kisahani cha sabuni chenye matundu, isiguse mwanzi. Kipima unyevu kidogo utakipata Luthuli Avenue. Lenga asilimia 55 hadi 65. Ikipita 70, hasa mvua za Aprili, toa sifongo, la sivyo ukungu utaota kwenye mifereji ya nakshi.

Vumbi liondoe kwa brashi laini ya vipodozi, ikiwa kavu. Lililoganda, lichokoe kwa kijiti cha meno cha mbao. Usipake mafuta: huchukua vumbi na kulifanya tope ndani ya mikato. Na fundi wa fanicha asiiguse, maana atapiga msasa na vanishi kwa nia njema kabisa.

Ufa ukifunguka, supaglu isiwe ya kwanza. Ikijaa kwenye ufa uliotanuka, haufungi tena. Pandisha unyevu kidogo kidogo kwa wiki mbili hadi tatu, ukaribie wenyewe, ndipo ufunge kwa uzi wa nailoni wa milimita 0.5, wa Biashara Street. Tandika kwanza ukanda wa pamba nyembamba, zungusha upana wa sentimita 1.5 penye ganda tupu, kisha pitisha ncha chini ya mizunguko uivute. Fanya sehemu tatu. Usichimbe mfereji wa kulaza uzi kama wafanyavyo kwenye filimbi tupu. Hapa utaharibu nakshi.

Unga mwepesi chini ya matundu ya milimita moja au mbili ni kazi ya bungua, mdudu atoboaye mwanzi. Itenge siku hiyohiyo. Isiyo na ji wala urushi ifunge ndani ya mfuko wa plastiki, ondoa hewa, uigandishe kwa nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ikitoka, usifungue mfuko kwa saa 24, maji yasije yakatonea juu ya mwanzi.