Unga wa jeli kwenye biskuti

Kama una pakiti ya jeli ya stroberi imelala kabatini, usingoje sherehe ya watoto. Igeuze biskuti.

Piga majarini gramu 250 na sukari gramu 150 tu, kwa sababu jeli yenyewe ni sukari tupu karibu yote. Tia yai moja, nusu pakiti ya jeli (kama gramu 40), kisha unga wa ngano gramu 400 na kijiko kidogo cha baking powder. Viringisha vidonge, bonyeza kwa uma, oka kwa nyuzi 180 dakika 10 hivi. Zitoe zikiwa bado laini katikati. Zikikauka na kuwa kahawia, ile rangi ya waridi inapotea na unabaki na biskuti ya kawaida.

Krimu ya siagi ya kupaka juu ndiyo huwashinda wengi. Ukimwaga jeli kavu kwenye siagi, utatafuna chembechembe kama mchanga wa ufuo wa Dunga. Koroga vijiko viwili vidogo vya jeli kwa kijiko kikubwa kimoja cha maji moto hadi viyeyuke kabisa, acha ipoe iwe vuguvugu, ndipo uimimine kwenye siagi. Ikiwa moto, siagi inayeyuka. Ikingoja sana, inaganda nyuzinyuzi. Na hapa Kisumu, msipake krimu saa nane mchana! Mimi hungoja jioni, joto likipungua.

Ukiwaokea wageni Waislamu, soma pakiti kwanza: jelatini, ile inayogandisha jeli, hutokana na ngozi na mifupa ya ng'ombe au nguruwe.